Idd na bamvu: wanaoingiza gari njia za ndani wajue saa za maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaotoka na gari zao, au za kukodi, hasa siku za Idd el-Fitri wakati wa bamvu (siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida), kwenda kutembea njia za ndani za Unguja na Pemba: vijia vya maweni vya Mtende na Makunduchi, vya Charawe na Ukongoroni, vya Micheweni na Kiuyu, na vile vya mchanga vinavyoshukia Vumawimbi. Vijana wengi siku hizi hujifunza safari za namna hii kwa kutazama video za majangwa ya Marekani, hasa makorongo ya jimbo la Utah. Kujifunza huko ni jambo jema, maana wenzetu wa kule wana elimu kubwa ya gari na njia mbovu. Lakini mwamba wao si mwamba wetu, na maji yao hayaji kama yanavyokuja yetu. Anayeuchukua ushauri wao mzima mzima atapasua mipira ya gari, au ataiacha gari yenyewe baharini.

Nianze na mpira, kwa kuwa ndio unaogusa chini.

Njia mashuhuri ya White Rim, ndani ya hifadhi ya taifa ya Canyonlands, ina urefu wa kiasi cha kilomita 160. Ilichongwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya watafuta madini ya urani, na sehemu zake nyingi hupita juu ya mwamba wa mchanga ulioshikana. Mwamba huo ni mkavu na unakwaruza kama msasa. Mpira ukipunguzwa upepo hadi paundi 20 au 18 hulala juu yake na kushika vizuri, ndiyo maana kila video huanza na mtu aliyechutama akitoa upepo.

Maweni yetu ni matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, yakaliwa na mvua kwa maelfu ya miaka. Mvua huyeyusha chokaa iliyo laini na kuacha meno, na meno hayo hukata. Sasa tazama mpira ulivyoundwa: sehemu inayokanyaga ina mikanda ya waya wa chuma ndani yake, lakini ubavu una matabaka machache ya nyuzi tu. Ukitoa upepo mwingi, ubavu unabinuka nje, na huo ndio unaokutana na jino la jiwe. Pancha ya katikati huzibika njiani kwa dakika kumi. Ubavu ukichanika hauna dawa, mpira huo umekwisha.

Kwa gari ndogo tulizozoea, Escudo, RAV4 au Jimny, upepo wa lami umeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Kwenye maweni punguza paundi nne au tano tu, usishuke chini ya 24. Mwendo uwe wa mtu anayetembea. Wageni wa njia hizi hupenda kuliweka jiwe katikati ya magurudumu ili walipite kwa juu, nalo huishia kwenye sampu (bakuli la mafuta chini ya injini) au kwenye difu (kasha la gia katikati ya ekseli). Gari nyingi za aina hii zikiwa tupu, uwazi kati ya tumbo la gari na ardhi ni sentimita 20 hivi. Watu watano wakipanda na springi zikiwa zimechoka, uwazi huo unapungua. Likanyage jiwe kwa katikati ya mpira, polepole, na mtu mmoja ashuke atangulie mbele kumwonyesha dereva. Mtu wa kutangulia ana faida kuliko taa kumi za juu ya paa.

Kagua spea kabla hujatoka nyumbani. Ubavuni mwa kila mpira pana tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1916 maana yake wiki ya 19 ya mwaka 2016. Spea nyingi za gari za kukodi ni kongwe kuliko mipira minne iliyo chini, na mipira ya mitumba huingia hapa ikiwa tayari na umri wake. Mpira uliopita miaka sita au saba, wenye nyufa ndogondogo ubavuni, unaweza kukufikisha mjini kwa lami. Usiuamini kwenye maweni. Kagua pia kama jeki inazunguka, na kama spana inaingia kwenye nati za gari hiyo. Si ajabu kukuta gari imebadilishwa ringi na spana ikabaki ile ya zamani.

Kuziba pancha ya katikati kunataka vitu vinne: koleo, tupa ya duara, sindano yenye tundu, na vipande vya uzi wa mpira wenye gundi. Usichomoe msumari kabla vitu vyote haviko mkononi, kwa sababu mara nyingi huo huo msumari ndio unaozuia upepo. Ukisha kuuchomoa, ingiza tupa na kuitoa mara nyingi, kwa kufuata mwelekeo wa tundu, hadi ipite bila ya kung'ang'ania. Pitisha uzi kwenye sindano hadi nusu, upake gundi, usukume ndani mpaka zibaki ncha mbili za sentimita moja na nusu nje, kisha chomoa sindano kwa mkupuo mmoja. Kata ncha, ukibakisha milimita chache. Jaza upepo, mimina maji ya sabuni, ukiona povu linafura rudia kwa uzi wa pili pembeni ya wa kwanza. Tatizo kubwa hapa ni watu kuogopa kuitumia tupa kwa nguvu: tundu likibaki jembamba, uzi hukatika ndani ya sindano.

Pampu ndogo za umeme zinazochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara hufanya kazi, lakini hupata moto. Washa injini kwanza, jaza mipira miwili, ipumzishe pampu, ndipo umalizie miwili. Zile kubwa zinavuta umeme mwingi na huunguza fyuzi. Hizo zina vibanio vya kushika kwenye betri moja kwa moja.

Mchanga ni habari nyingine, na hapo ushauri wa majangwani unafaa karibu wote. Mchanga mkavu wa juu ya ufuo na wa vijia vya minazini unataka paundi 16 au 15. Mpira hurefuka chini, mzigo hutawanyika, gari haititii. Ukishafika hapo usizidi kilomita 30 kwa saa, wala usikate kona kwa ghafla, kwani mpira usio na upepo unaweza kuchomoka kwenye ringi. Rudisha upepo kabla ya kuingia lami.

Gari ikianza kuzama, ondoa mguu. Kila mzunguko wa gurudumu unaoongeza baada ya hapo unachimba kaburi la ekseli. Shuka, fukua mchanga mbele na nyuma ya magurudumu yote manne na ulio chini ya tumbo la gari, shusha upepo hadi 12, kisha rudi nyuma kwa kufuata alama zako mwenyewe, kwa sababu mchanga huo umeshashindiliwa. Makuti makavu yakilazwa chini ya mipira husaidia. Jeki iwekwe juu ya ubao wa sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 4. Bila ya ubao jeki inashuka na gari inabaki pale pale.

Kuvutana nako kuna hatari yake. Gari zinazotoka Japani zina vikulabu vidogo chini, vya kufungia gari isicheze ndani ya meli. Watu hufunga kamba hapo, vikulabu vinapinda au vinang'oka vikiruka kama risasi. Pahala pa kuvutia ni kile kitanzi kinene cha chesisi, au kile cha kuskurubu ambacho hukaa kwenye mfuko wa jeki na huingia kwenye tundu lenye kifuniko kwenye bampa. Tumia mkanda wa nailoni wa mita 8 hivi. Kamba ya usumba ni nzuri kwa ngalawa, kwa gari ya tani moja na nusu hukatika. Na watu wote wakae mbali, kwa kiasi cha urefu wa mkanda na nusu yake.

Nifike sasa kwenye maji, jambo lililonifanya nikuandikie.

Wasafiri wa makorongo wana hofu moja kubwa kuliko zote: mafuriko ya ghafla. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya korongo la Antelope, jimbo la Arizona. Mvua kubwa ilinyesha kilomita kadhaa kutoka walipo, upande wa juu wa korongo. Pale walipokuwepo mvua ilikuwa haba. Jangwa halinywi maji haraka, yote hukimbilia kwenye ufa mmoja mwembamba wa mwamba. Ndiyo sababu kule watu hufundishwa kutazama mawingu ya mbali, kuulizia hali ya hewa ya sehemu zote za juu ya korongo, na kutolala kabisa kwenye mkondo mkavu.

Sisi nasi maji hutujia pasi na wingu, ila yetu yana saa. Mafuriko ya korongo hayapigiwi hesabu mwaka mmoja kabla. Maji ya bahari hupigiwa, kwa dakika, na jedwali la bandari ya Zanzibar linajulikana kabla mwaka haujaanza. Kwa hiyo gari inayoliwa na maji ufukweni au kwenye ukingo wa mikoko ni hasara ambayo ingeweza kuepukwa kila mara.

Hesabu yenyewe ni hii. Wakati wa bamvu, tofauti ya maji kupwa na kujaa kwetu hufika kiasi cha mita 4. Wakati wa maji mafu ni mita moja au zaidi kidogo. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache, wala bahari haipandi kwa mwendo mmoja. Gawa zile mita 4 mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake, katika saa ya kwanza bahari inainuka sentimita 33 tu, na aliyenasa huona ana wakati wa kutosha, akaanza kupiga simu na kungoja rafiki. Saa ya tatu inainuka mita nzima. Saa ya nne, mita nyingine. Mita moja ni karibu na kimo cha boneti ya Escudo.

Pwani ya mashariki, kuanzia Jambiani kwenda Paje na Bwejuu, maji yakipwa hutoka mbali sana na kuacha uwanda mpana. Kwenye uwanda wa namna hiyo maji ya kujaa hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Huingia kwanza kwenye vibonde na mikondo, ambayo mara nyingi iko nyuma yako, kati yako na ufuo. Mtu anatazama mbele bahari iko mbali, kumbe njia ya kurudi imeshafunikwa. Wakulima wa mwani na wachokoaji wa pweza wanalijua hili tangu utotoni, na ndio wa kuwauliza. Huko kwenye mwani, kwa hakika, gari haina haki ya kuingia hata kidogo: kamba na vigingi ni mali ya watu, kina mama wengi wanapata riziki hapo.

Ukingo wa mikoko usijaribiwe wakati wowote. Juu panaonekana pakavu, chini ni tope jeusi lisilo na mwisho, na hakuna jiwe wala mti wa kufungia mkanda ambao utastahimili. Ile njia ya Unguja Ukuu kwenda Uzi kwa miaka mingi ilikuwa ikipitika maji yakitoka tu, na wenyeji waliipita salama kila siku kwa sababu moja: walijua saa.

Bamvu hufuata mwezi. Huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, yaani karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo kwetu maji hujaa karibu na saa 10, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kiasi cha dakika 50. Kufika tarehe 8 au 22 mambo yamegeuka: maji hupwa alasiri, na tofauti yake ni ndogo. Hesabu hii ni ya kukadiria, jedwali ndilo la kutegemea, lakini mwenye kalenda yenye tarehe za Kiislamu ukutani tayari anajua nusu ya mambo.

Tizama basi maana yake kwa Idd el-Fitri. Idd hii ni tarehe 1 Shawwal kila mwaka. Kila mwaka, bila ya kukosa, huangukia kwenye bamvu. Siku hizo za sikukuu ndizo ambazo gari nyingi kuliko siku nyingine zote hutoka mjini kwenda pwani, zimejaa watoto wenye nguo mpya, na nyingi huendeshwa na vijana waliokodi gari kwa mara ya kwanza. Anayefika saa 4 asubuhi anakuta uwanda mkavu na anashawishika kuteremka nao. Anayefika saa 8 mchana, baada ya kula na kuzungukia jamaa, anakuta bado kuna ukanda wa mchanga mgumu, anaegesha hapo, asijue kuwa bahari imebakisha karibu mita moja ya kupanda. Kwenye ufuo wenye mteremko mdogo mita hiyo ni hatua nyingi za miguu. Saa 10 ukanda mgumu haupo tena, na nyuma yake ni mchanga laini ambao gari isiyopunguzwa upepo haipandi. Idd el-Hajj, tarehe 10, huwa karibu na maji mafu na shida ni ndogo zaidi. Pengine ndiyo maana watu hujisahau.

Maji ya chumvi yakigusa chini ya gari, kazi haijaisha kwa kutoka tu. Chumvi hula paipu za breki, kebo za hendibreki, mkunjo wa juu ya tangi la mafuta na ndani ya chesisi. Osha chini yote siku hiyo hiyo, kwa maji mengi, usielekeze mpira wa maji wenye nguvu kwenye alternata na plagi za waya. Na usioshe kwa maji ya kisima cha pwani, visima vingi vya huko vina chumvi na utakuwa unaipaka tena. Subiri maji ya bomba ya mjini. Kama maji yalifika kwenye ekseli, fungua nati ya juu ya difu utazame mafuta: yakiwa meupe kama ya maziwa, yamwagwe yabadilishwe kabla ya kuendesha tena.

Udongo nitausema kwa ufupi. Miteremko ya Pemba ya udongo mwekundu, na mabonde ya kinamo, hayapitiki wakati wa Masika kwa mpira wa kawaida, hata gari ivute kwa magurudumu yote manne. Kule Utah nako kuna udongo wa mfinyanzi unaozuia gari ukilowa, na wenyewe hungoja ukauke. Fanya hivyo hivyo: ngoja jua la siku moja, au zunguka. Anayelazimisha huacha mifereji ambayo wenye gari za ng'ombe wataishi nayo msimu mzima.

Ramani ya simu huonyesha kijia cha ng'ombe kwa mstari ule ule wa barabara. Ukifika kijijini piga hodi, salimia, kisha usiulize tu kama njia inapita, kwa sababu utajibiwa inapita, na kweli inapita kwa honda (pikipiki) na gari ya ng'ombe. Uliza gari yenye ukubwa kama huu ilipita lini mara ya mwisho. Vibonde vidogo vya udongo katikati ya maweni, ambavyo mgeni huviona kama pahala pazuri pa kugeuzia, ndimo watu wanamopanda mihogo na kunde. Na msimu wa karafuu Pemba, mikeka iliyoanikwa pembezoni mwa barabara isikanyagwe hata kwa ncha ya mpira. Simama, omba isogezwe, wenyewe watakusaidia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni mistari miwili kila siku: saa za maji kupwa na kujaa, na kimo chake kwa mita, kwa bandari ya Zanzibar. Katika toleo la mwisho la Ramadhani, mistari hiyo iwe ukurasa wa mbele na ihusu siku zote nne za sikukuu. Na wanaokodisha gari watie ndani ya kila gari vitu vitatu vinavyoingia kwenye mfuko mmoja: kipimo cha upepo, pampu ndogo na ubao wa jeki, pamoja na karatasi ya saa za maji za siku gari inapotoka.

Wako,
Msomaji, Chake Chake, Pemba